Mfongo na Shamba Lililokauka: Dawa za Kutanua Mishipa Mbele ya Ugonjwa wa Kusahau

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga wamechimba mifereji ya maji kwa karne nyingi. Mfereji wa namna hiyo huitwa mfongo. Maji hutekwa juu, kwenye korongo la mto, yakaongozwa ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Kila mmoja ana zamu yake, na anayefungua maji nje ya zamu huitwa mbele ya wazee, kwa sababu akipanua tundu lake huko juu, wa chini hukauka. Anayeijua kanuni hiyo ameshaelewa nusu ya mhadhara huu. Dawa zitakazozungumzwa zilisambazwa na watu walioutazama ubongo wa mzee kama shamba lenye kiu, wakaamini kwamba kinachotakiwa ni kupanua mfereji.

Dawa hizo ni zile zinazotanua mishipa ya damu. Ugonjwa ni demensia, ambao majumbani huitwa ugonjwa wa kusahau, au hauitwi kitu kabisa, watu wakasema tu kwamba mzee amerudi utotoni. Na swali linaloulizwa na mtoto anayemuuguza mama yake ni lile lile lililoulizwa na maprofesa: kama damu haifiki vizuri kichwani, kwa nini asipewe kidonge cha kuifikisha?

Ni swali la haki. Ubongo wa mtu mzima ni takriban 2% tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu 20% ya oksijeni yote. Kila gramu 100 za ubongo hupitiwa na damu kiasi cha mililita 50 kwa dakika. Damu ikikatika, mtu huzimia ndani ya sekunde chache. Hakuna kiungo kisichovumilia njaa kama hicho.

Mwaka 1945, huko Philadelphia, Seymour Kety na Carl Schmidt walipata njia ya kupima damu ya ubongo kwa binadamu aliye hai na aliye macho. Walimvutisha kiasi kidogo cha gesi ya nitrasi oksaidi, ile inayotumiwa na madaktari wa meno kupunguza maumivu, kisha wakachota damu ya ateri, sawa na ile inayoingia kichwani, na damu ya mshipa mkubwa wa shingo unaotoka kichwani. Tofauti kati ya damu inayoingia na inayotoka iliwapa hesabu. Mwaka 1951 Kety na wenzake walitoa vipimo vya wazee waliopotewa na akili: damu yao ilipita kwa uchache, na oksijeni iliyotumika ilikuwa pungufu. Wakati huo madaktari wengi walikuwa tayari wanaamini kwamba kuchanganyikiwa kwa uzeeni kunatokana na mishipa iliyokakamaa. Kipimo kikaonekana kuthibitisha imani. Viwanda vya dawa vikaingia kazini: papaverini, iliyotengwa kutoka kwenye afyuni tangu 1848, ikapewa kazi mpya, siklandelati na isoksuprini zikafuata, sinarizini nayo ikaja.

Kosa lilikuwa dogo na la kibinadamu sana. Shamba ambalo mahindi yake yameshakufa halifunguliwi maji. Mpita njia atauona mfereji mkavu karibu na mahindi makavu, aseme ukavu wa mfereji ndio ulioua. Mwenye shamba anajua kwamba mahindi yalikufa kwanza, kwa viwavi, na maji yakaelekezwa kwingine. Ubongo hufanya hivyo hivyo. Seli zinazofanya kazi huita damu, na zilizokufa haziiti. Kwa hiyo damu kupungua katika ubongo wa mgonjwa inaweza kuwa matokeo ya ugonjwa badala ya chanzo chake, na kuisukuma zaidi hakuwezi kufufua kilichokwisha kufa.

Kulikuwa na tatizo la pili, nalo ndilo la mfongo. Mishipa iliyozibwa na kukakamaa haitanuki hata ikipewa dawa, kwa sababu ama imekuwa migumu kama bomba la chuma, ama imeshajitanua hadi mwisho ikitafuta damu. Inayotanuka ni mishipa mizima iliyo jirani. Matokeo yake damu hukimbilia kwenye sehemu zisizokuwa na shida, na sehemu yenye njaa huzidi kunyimwa. Dawa nyingine hutanua mishipa ya mwili mzima, presha ikashuka, mzee akainuka kitandani usiku na kuanguka.

Wakati dawa hizo zikiuzwa, watu wengine walikuwa wanafungua mafuvu ya marehemu. Mwaka 1906, mjini Tübingen, Alois Alzheimer alikuwa ameshaeleza alichokikuta katika ubongo wa mwanamke aliyefariki mwaka huo baada ya miaka ya kuchanganyikiwa: mabaka nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Kwa miongo mingi hali hiyo ilihesabiwa kuwa ugonjwa adimu wa watu ambao hawajazeeka. Kisha huko Newcastle, Uingereza, Garry Blessed, Bernard Tomlinson na Martin Roth waliwapima wazee akili wakiwa hai, na baada ya kifo wakahesabu mabaka katika bongo zao. Ripoti yao ya 1968 ilionyesha kwamba mabaka yalivyoongezeka ndivyo akili ilivyokuwa imepungua. Ugonjwa wa Alzheimer ulikuwa umejificha ndani ya kile kilichoitwa uzee. Mwaka 1974, Vladimir Hachinski, Niels Lassen na John Marshall waliandika katika jarida la Lancet kwamba hata pale mishipa inapohusika kweli, akili hupotea kwa mapigo mengi ya kiharusi, makubwa na madogo, yanayoua vipande vya ubongo. Ile picha ya ubongo unaokauka polepole kwa uhaba wa damu haikuwa na ushahidi.

Hata hivyo dawa moja ilibaki imesimama, na kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa kirefu.

Jina lake la kibiashara ni Hydergine. Ilitoka kwenye maabara za Sandoz, Basel, Uswisi, na aliyeitengeneza ni Albert Hofmann, yule yule aliyetengeneza LSD mwaka 1938. Asili yake ni ergoti, kuvu linaloota kwenye masuke ya rai, nafaka ya Ulaya inayofanana na ngano. Katika Zama za Kati, watu waliokula mkate wenye kuvu hilo walioza vidole na miguu, kwa sababu ergoti hubana mishipa ya damu kwa nguvu kubwa. Wakunga wa Afrika Mashariki wanamjua ndugu mmoja wa ukoo huo: ergometrini, sindano inayoubana mfuko wa uzazi ili damu ikome baada ya mama kujifungua. Miaka ya 1940 Hofmann na Arthur Stoll waligundua kwamba kilichodhaniwa kuwa kemikali moja ya ergoti kilikuwa tatu. Wakaziongezea haidrojeni, na tabia ikageuka. Kilichokuwa kinabana mishipa sasa kiliilegeza.

Dawa ilianza kama ya presha na ya mzunguko wa damu. Kisha madaktari wakasema wazee wanaoitumia wanachangamka, na ikahamia kwenye kumbukumbu. Marekani iliiruhusu kwa wazee wa zaidi ya miaka 60 ambao uwezo wao wa akili unapungua bila sababu kujulikana, yaani karibu mzee yeyote ambaye jamaa zake wana wasiwasi. Kwa miaka ilikuwa dawa pekee yenye ruhusa hiyo nchini humo. Nadharia ya mishipa ilipoanza kudhoofika, maelezo ya dawa yalibadilishwa: ikasemwa kwamba inaboresha kazi ya ndani ya seli. Kidonge kilikuwa kile kile. Mtafiti makini angepaswa kushtuka hapo, maana dawa ambayo sababu ya kufaa kwake hubadilishwa kila nadharia inapoanguka inahitaji kupimwa upya kutoka mwanzo.

Na ilipimwa kwa rula gani? Mwaka 1974 ulitolewa mfumo wa kuwapa wazee alama uliobeba jina la kampuni yenyewe, Sandoz. Ulikuwa na vipengele 18 pamoja na maoni ya jumla ya daktari, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 1 hadi 7. Kumbukumbu ya karibuni ilikuwamo, na kuchanganyikiwa pia. Lakini vilikuwamo pia uchovu, hamu ya kula, kizunguzungu, huzuni, hasira na ukaidi kwa wauguzi. Mzee akila vizuri na kupunguza ugomvi, jumla ya alama huonyesha nafuu, ingawa bado halijui jina la mwanawe. Kumtuliza mzee ni jambo jema, na familia iliyokosa usingizi haitalidharau. Ila ni jambo jingine kabisa na kurudisha kumbukumbu, na karatasi ile iliyachanganya yote katika kapu moja.

Mwaka 1979 Jerome Yesavage na wenzake walipitia takriban tafiti 100 za dawa za kutanua mishipa kwa wazee wenye demensia. Nyingi zilikuwa dhaifu: wagonjwa wa aina tofauti waliwekwa pamoja, muda ulikuwa mfupi, na wapimaji walijua nani amepewa nini. Hydergine ilionekana bora kidogo kuliko zile za kutanua mishipa tu, lakini faida hiyo ilikuwa ndogo.

Jaribio lililobadilisha mambo lilifanyika Colorado, likachapishwa mwaka 1990 katika New England Journal of Medicine na kundi la Troy Thompson. Halikuwa kubwa. Lilikuwa na wagonjwa 80, wote wakiwa na dalili za Alzheimer peke yake, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge vinavyofanana nayo visivyo na kitu. Mgonjwa hakujua, familia haikujua, na daktari aliyepima hakujua. Walifuatiliwa kwa wiki 24, muda wa kutosha kwa msisimko wa tiba mpya kupoa. Walipimwa kumbukumbu na wepesi wa kufikiri, na jamaa zao wakaulizwa wanavyowaona nyumbani.

Siri ilipofunguliwa, dawa haikuonyesha faida. Palipokuwa na tofauti, katika kipimo kimoja cha akili na kimoja cha tabia, waliomeza dawa ndio waliozidi kuporomoka. Watafiti waliandika wazi kwamba dawa haifai kwa Alzheimer, na wakauliza kama haiuharakishi ugonjwa.

Baadaye mtandao wa Cochrane, unaokusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa pamoja, ulipata majaribio 19 ya Hydergine yaliyostahili kuhesabiwa. Yakichanganywa, yaliipa dawa alama nzuri kidogo katika tathmini za jumla za madaktari. Lakini mengi yalifanyika kabla ya vigezo vya kisasa vya kuutambua ugonjwa, kwa hiyo haijulikani wazee wale waliugua nini hasa; wengine huenda walikuwa na huzuni kubwa, ambayo kwa mzee hufanana na kusahau. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilifunga mjadala kwa upande wake: dawa za jamii ya ergoti zisitumike tena kwa matatizo ya kumbukumbu wala ya mzunguko wa damu, kwa kuwa zinaweza kusababisha makovu magumu kwenye viungo vya ndani, na faida haitoshi kufidia hatari hiyo. Sinarizini bado ipo, zaidi kwa ajili ya kizunguzungu. Kwa wazee inaweza kuleta mtetemo na ukakamavu unaofanana na ugonjwa wa Parkinson, na anayemnunulia mama yake kwa ajili ya kumbukumbu anastahili kuambiwa hivyo dirishani kabla hajalipa.

Msikilizaji mwenye subira atasema: hizo zilikuwa dawa za zamani, na pengine hazikufika hata ubongoni. Jibu lilipatikana Ulaya. Nilvadipini ni dawa ya presha inayotanua mishipa, na ilijaribiwa kwa wagonjwa 511 wa Alzheimer katika nchi tisa kwa miezi 18, chini ya uongozi wa Brian Lawlor wa Dublin. Matokeo ya 2018: kwa jumla, haikupunguza kasi ya kusahau. Mwaka uliofuata, watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walitoa vipimo vya wagonjwa 44 wa jaribio hilo hilo waliopigwa picha za ubongo kabla ya tiba na miezi sita baadaye. Katika hipokampasi, kiungo cha kumbukumbu ambacho Alzheimer hukiharibu mapema, damu iliongezeka kwa takriban 20% kwa waliopewa dawa.

Dalili ya mvua ni mawingu, husema Waswahili, na watafiti hupenda kupima mawingu kwa sababu yanapimika upesi. Hapa mawingu yalikuwa mazito, mahali penyewe palipotakiwa, na mvua haikunyesha. Kwa maoni ya mhadhara huu, matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yana uzito kuliko tafiti zote za miaka ya 1970. Yamejibu swali ambalo Hydergine ililiacha wazi: damu inaweza kweli kuongezwa, na mgonjwa ambaye ugonjwa umeshamkolea akabaki pale pale.

Hamu ya kidonge haijaisha. Desemba 2021, kundi la Feixiong Cheng huko Cleveland, Marekani, lilipekua kumbukumbu za bima za watu zaidi ya milioni 7 na kutangaza kwamba watumiaji wa sildenafili, maarufu kwa jina la Viagra, walikuwa na hatari pungufu ya Alzheimer kwa 69%. Habari ikazunguka dunia. Lakini nani huomba dawa hiyo? Mwanamume mwenye afya ya kutosha na hamu ya tendo la ndoa. Aliyeanza kupotewa na akili haombi, kwa hiyo huhesabiwa upande wa pili. Mwaka 2022 Rishi Desai na wenzake walilikwepa tatizo hilo kwa akili nzuri: waliwatazama wagonjwa waliopewa sildenafili kwa sababu ya presha ya mishipa ya mapafu, wakawalinganisha na wagonjwa wenye tatizo hilo hilo waliopewa dawa ya aina nyingine. Tofauti haikuonekana. Mwaka 2024 utafiti wa University College London, wa wanaume 269,725 wa Uingereza waliokuwa na upungufu wa nguvu za kiume, ulionyesha hatari pungufu kwa 18% kwa waliopewa dawa za jamii hiyo. Asilimia 69, kisha sifuri, kisha 18: ndivyo ilivyo pale watu wanapohesabiwa bila kugawanywa kwa bahati nasibu. Jaribio dogo la London lenye watu 55 wenye maradhi ya mishipa midogo ya ubongo, lililopima ndugu wa dawa hiyo, tadalafili, halikuona ongezeko la damu.

Je, mishipa haina neno basi? Ina neno kubwa, ila limesogea mahali pengine na wakati mwingine. Mwaka 1998 jaribio la Ulaya liitwalo Syst-Eur lilitoa matokeo ya watu 2,418 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wenye presha ya juu na akili timamu. Kati ya waliopewa nitrendipini, dawa nyingine ya kutanua mishipa, wakiongezewa nyingine ilipobidi, waliopata demensia ni 11. Kati ya waliopewa kidonge kitupu, 21. Idadi zilikuwa ndogo mno kushangiliwa. Ndipo mwaka 2025 yakaja matokeo ya vijiji 326 vya Uchina, vyenye watu 33,995 wa miaka 40 na zaidi wenye presha isiyodhibitiwa. Katika nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa kijijini waliopewa mafunzo walipima presha, wakaanzisha na kuongeza dawa za kawaida za bei nafuu, na kuwafuata watu kwa miezi 48. Demensia ilipungua kwa 15%. Joanna Wardlaw wa Edinburgh na wenzake nao waliwachunguza watu 363 waliopata kiharusi kidogo cha mishipa ya ndani ya ubongo. Isosobaidi mononitrati na silostazoli, dawa mbili za zamani za moyo na mishipa, zilionyesha dalili za kupunguza viharusi na kudhoofika kwa akili, kiasi cha kustahili jaribio kubwa zaidi.

Katika majaribio haya shamba lilikuwa bado bichi. Aliyetibiwa alikuwa mtu anayetambua watoto wake, anayehesabu chenji yake dukani, na ambaye presha ilikuwa inamtoboa polepole bila maumivu.

Hapo simulizi inarudi Kilimanjaro. Wilayani Hai, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita vijiji sita wakiwachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, wakakuta takriban 6.4% wana demensia. Katika wilaya hiyo hiyo, uchunguzi mwingine ulikuta wazee wapatao saba katika kila kumi wana presha ya juu, wengi bila tiba ya kutosha. Kabla ya kuhesabu, ilibidi watafiti wa Hai watatue jambo ambalo huko Colorado halikuwahi kuwa tatizo. Vipimo vya kigeni humtaka mtu ashike kalamu, anakili michoro, aoanishe tarakimu na alama. Bibi asiyewahi kukaa darasani atashindwa hata kama akili yake ni kali kama wembe, na jaribio lolote la dawa litakalompima hivyo litapima shule aliyonyimwa utotoni.

Kipimo walichokitengeneza, IDEA, humuuliza leo ni siku gani na kiongozi wa kijiji ni nani. Humwomba ataje wanyama wengi awezavyo, na akumbuke maneno kumi aliyoyasikia muda mfupi uliopita. Kisha mpimaji hupanga njiti za kiberiti mezani kwa umbo fulani, anamsogezea bibi njiti zake, na kumwomba alipange umbo hilo hilo.